Usinunue darubini kwa namba ya kwenye boksi

Wiki hii kijana mmoja wa Mbale, hapa Uganda, amenitumia picha ya darubini iliyoko dukani, na ujumbe mfupi: "Mwalimu, shikamoo. Nimeweka akiba laki tano. Hii wanasema inakuza mara 525. Ninunue?" Nilimjibu usiku uleule: hapana, mdogo wangu, subiri kwanza. Naandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mna kiu ileile ya anga, na mfuko wa namna ileile.

Hiyo 525 hupatikana hivi. Darubini ile ina urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 700. Gawanya kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, unapata 175. Ongeza lenzi inayozidisha mara tatu, unafika 525. Hesabu ni sahihi, ila kioo chake cha kukusanya mwanga kina upana wa milimita 76 tu, na kwa kawaida darubini hufikia kikomo kwenye ukuzaji wa mara mbili ya milimita za upana wake. Hapo ni kama mara 150, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu. Galileo aliona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita) mwaka 1610 kwa darubini iliyokuza takriban mara 20! Kwa hiyo muulize muuzaji upana wa kioo kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Mimi anga liliniteka Pakwach, tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa kabisa jioni. Giza lile halikumaliza hata dakika, lakini sijawahi kuwa mtu yuleyule. Nikaanza kuweka akiba kutoka kwenye mshahara wa ualimu. Ndugu yangu mmoja akasema mbele ya wageni, "Mtu mzima ananunua bomba la kuangalia nyota, na paa la jikoni linavuja." Maneno hayo bado yananichoma. Paa nililiziba, na darubini nikaipata: kioo cha milimita 130, juu ya kitako cha mbao.

Januari hii niliitoa uani kwangu hapa Arua, wanafunzi wakapanga foleni kumwona Mshtarii. Msichana mmoja ambaye darasani hanyanyui mkono alishika lenzi ya jicho mpaka wenzake wakalalamika, kisha akaniuliza kwa nini miezi yote imejipanga kwenye mstari mmoja. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na swali zuri kama hilo sijaulizwa mara nyingi. Ndugu yangu hajaja kuangalia bado. Mlango uko wazi.

Sasa stendi, na hapa Waganda tusikilizane vizuri. Maduka ya mtandaoni yatakusifia stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini ili ifuate mzunguko wa anga. Huko Ulaya nyota hiyo iko juu. Kwetu iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na vumbi, na mhimili ungepaswa kulala karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki hadi hapo, na ukizilazimisha uzito wa kusawazisha hugonga miguu. Chagua kitako cha Dobson, kinachozunguka kushoto na kulia, juu na chini, basi. John Dobson alikuwa mtawa huko San Francisco, akatengeneza darubini kubwa kwa mbao na vifaa vya kuokoteza ili watu wa barabarani waone anga. Kitako kikivunjika, seremala wa mtaani kwako atakitengeneza. Stendi ya miguu mitatu inayotetemeka itakufanya uichukie nyota yenyewe.

Na kama laki tano haifiki, nunua binokula (darubini ya macho mawili) ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Sisemi hivi kukufariji. Kwa binokula utaona mashimo ya mwezini, utaona Kilimia kikijaa nyota, na ukiegemeza mikono ukutani utaona miezi ya Mshtarii. Sisi tumekaa kwenye ikweta, tunaona karibu anga lote: Dubu Mkubwa upande mmoja, Msalaba wa Kusini upande mwingine. Watu wa London hawalioni Omega Centauri, lile kundi kubwa la nyota, maisha yao yote wakikaa kwao. Msilale ndani, jamani. Tokeni nje, wachukueni watoto.

Kabla ya usiku wa kwanza mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Bomba refu uani saa nne za usiku huleta maneno, na mimi yalinifika. Mwite yeye awe mtu wa kwanza kabisa kuuangalia mwezi. Kesho yake atakutetea mwenyewe. Jua usilitazame kamwe kwa darubini bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba, upande wa juani. Jicho halina spea.

Masika yakianza ifunike ndani, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, maana kuvu hula lenzi. Kioo kikipata vumbi kiache. Vumbi kidogo haliharibu picha, lakini pindo la shati litakikwaruza.