Mafuriko yamebeba mahindi yangu Kahe, nitalipwa?

Pole sana dada. Ekari mbili za mahindi yaliyokuwa yameshazaa, kisha unaamka unakuta tope tupu, inauma.

Umeuliza kama serikali italipa. Nikuambie tu ukweli: kwetu Tanzania maafa hayalipwi fidia. Kinachokuja, kikija, ni msaada: mahindi ya chakula, mbegu, pengine mablanketi. Ila hata huo unafuata orodha, na orodha inaanzia kijijini. Sheria ya maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji, kwa hiyo nenda kwa mtendaji leo, siyo Jumatatu. Mwombe aje na afisa ugani.

Na tafadhali usilime kwanza! Mimi huku Mabogini niliharakisha kupanda maharage. Wapimaji wa hasara walipofika wakakuta matuta mazuri kabisa, jina langu likaachwa. Piga picha mabua yaliyolala, simamisha jembe kwenye tope lionyeshe kina. Barua ya kumweleza mtendaji hasara yako andika nakala mbili, yako igongwe mhuri.

Msimu ujao ulizia bima ya mazao mapema, kabla mvua hazijaanza. Mkishakuwa kikundi mnasikilizwa upesi zaidi.