Maswali ya Wasomaji: Kibaraza Kisicho na Nguzo

SWALI: Fallingwater, nyumba ya mapumziko iliyojengwa juu ya maporomoko ya maji kule Pennsylvania, Marekani, nasikia vibaraza vyake vilibonyea. Kwa nini? Nina kiwanja mteremkoni na nataka kibaraza kitokeze mita 1.2 bila nguzo.

JIBU: Ndugu msomaji, nondo zilikuwa chache. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright aliichora nyumba ile mwaka 1935. Michoro ya ofisi yake ilitaka nondo 8 kwa kila boriti kuu ya sebuleni. Wahandisi wa mwenye nyumba wakaziongeza maradufu, Wright akakasirika. Bila nyongeza ile hali ingekuwa mbaya zaidi, na bado hazikutosha. Mbao za kumwagia zege zilipotolewa tu, ncha ya kibaraza ilishuka milimita 44 hivi, na haikukoma: miaka ya 1990 mshuko ulikaribia sentimita 18 kwenye urefu wa mita 4.6.

Kulikuwa na makosa mengine mawili. Kibaraza cha juu hakikuweza kujibeba, kikaegemeza uzito wake kwenye ncha ya kile cha chini kupitia vyuma vyembamba vya madirisha. Tena mbao za kumwagia zege zilipigwa usawa, bila kuinuliwa kidogo nchani ili kufidia mshuko. Mwaka 2002 mawe ya sakafu yalibanduliwa, nyaya za chuma zikapitishwa kando ya boriti na kukazwa. Mshuko ulikoma, ila sakafu haikurudi usawa wake.

Kwako wewe, nondo kuu zikae JUU ya slabu, maana kibaraza cha namna hii huvutika upande wa juu. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: nondo zinafungwa vizuri, halafu siku ya kumwaga zege wabeba ndoo wanazikanyaga mpaka zinalala chini. Ziwekee viti vya chuma kila sentimita 60 na tandika mbao za kupitia. Nondo hizo ziingie ndani ya nyumba angalau mita 1.8, zikibanwa na slabu ya ndani. Unene usipungue sentimita 17 ukutani. Mwagilia siku 7, acha mirunda (miti inayoshikilia mbao) siku 21, na uitoe kuanzia nchani kuelekea ukutani. Ukuta wa mawe ukingoni usithubutu kuujenga. Idadi na unene wa nondo apige hesabu mhandisi aliyefika kiwanjani.

SWALI: Kioo cha Fallingwater kinaingiaje kwenye ukuta wa mawe bila fremu?

JIBU: Jiwe linachongwa mfereji, kioo kinazama humo. Ukiiga, mfereji uwe mpana kuliko kioo kwa milimita 5 au 6 kila upande, ujaze silikoni. Usitumie saruji: kioo kikipata joto hutanuka, kikikosa nafasi hupasuka kuanzia pembeni.