Kabla ya kumwita fundi, toa futikamba

Nyumba yangu ya kwanza kuandikia taarifa katika mji mkongwe niliipiga picha zaidi ya mia mbili, nikaondoka kifua mbele. Mwaka uliofuata roshani yake ya mbao, iliyoliwa na mchwa, ikabomolewa. Seremala akaniuliza: ilitokeza nje kiasi gani? Nikafungua picha. Zinapendeza, ila hakuna hata moja yenye rula, wala mtu aliyesimama kando wa kukisia ukubwa. Roshani mpya ikatoka nyembamba kama rafu ya vitabu.

Siku hizi napima kwanza. Mji mkongwe wa Warsaw, Poland, ulipobomolewa katika vita mwaka 1944, waliojenga upya walikuwa na picha za rangi alizozichora Bernardo Bellotto katika karne ya 18, lakini walitegemea pia michoro ya vipimo, mingi ikiwa kazi ya wanafunzi wa usanifu majengo. Mwaka 1980 UNESCO ikauingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Futikamba na daftari la wanafunzi, basi.

La pili ni saruji. Fundi atakwambia ni imara kuliko chokaa, na hakosei: ni imara kuliko ukuta wenyewe, na balaa linaanzia hapo. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukiufunga kwa saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, na chumvi yake huyala mawe ndani kwa ndani. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Iliposhikana, sauti ni nzito; ilipoachana na ukuta, utasikia mvumo kama wa ndoo tupu. Bandua kipande hapo, mara nyingi utakuta unga mweupe nyuma yake. Ndiyo chumvi hiyo.

Wazee wa mtaa usiwaulize “historia ya nyumba hii”. Watakupa maneno yaleyale wanayowapa watalii. Uliza chumba hiki mlikiitaje, nani alilala hapa, maji mliyamwaga wapi. Swali la maji peke yake liliwahi kunionyesha mfereji uliozibwa, ambao ndio uliokuwa ukilowesha ukuta wa jirani.

Michoro ikikamilika, nakala moja mwachie mwenye nyumba, nyingine ipeleke kwenye nyaraka za mji. Na uandike tarehe. Zile picha zangu mia mbili hazina hata hiyo.