Mwanangu, umeniuliza habari za Suraiya

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako za Jumamosi nimezisikiliza mara tatu. Unasema jirani yenu Mhindi huko Muscat alikuwa akipiga nyimbo za Suraiya, yule mwigizaji na mwimbaji wa filamu za Kihindi, ukanikumbuka, ukataka kujua kwa nini mwimbaji kama yule aliacha filamu mwaka 1963, ana miaka 34 tu na sauti bado anayo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nisingefika mwisho.

Jibu la haraka ni kwamba zama zake zilikuwa zimekwisha. Suraiya ni wa kizazi cha mwisho cha waigizaji walioimba wenyewe. Saigal, aliyecheza naye filamu tatu, alifariki Januari 1947. Mwaka huohuo India ikagawanywa, na Noor Jehan, mwigizaji mwingine aliyeimba mwenyewe, akahamia Pakistan. Suraiya akabaki Bombay, na miaka miwili mitatu iliyofuata hakuna nyota wa kike aliyelipwa kumshinda. Lakini kufika 1949 Lata Mangeshkar, mwimbaji aliyewaimbia waigizaji wengine bila kuonekana, keshaingia, na wenye filamu wameshaona kuwa wanaweza kuchukua uso huku na sauti kule, wakaviunga. Aliyejaaliwa vyote viwili hakuhitajika tena.

Nimesema tangu hujazaliwa, na leo nasema tena: sauti ikae na uso wake. Suraiya akivuta pumzi kabla ya ubeti, koo unaliona, na sauti itokayo ni ya koo lile lile. Lata nampenda, unajua nilivyolia alipofariki 2022. Halafu nikifikiri sana najipinga mwenyewe, kwa sababu Suraiya naye alianza kwa kuazimisha sauti. Mwaka 1942, kabinti kadogo hata kipaza sauti hakifikii, wanasimulia alipandishwa juu ya kigoda, mtunzi wa muziki Naushad akamwimbisha nyimbo za mwigizaji Mehtab, mwanamke mzima. Kwa hiyo sijui. Lakini ukiniuliza nani alikuwa akiniimbia mimi, nitakwambia Suraiya.

Ila mimi nikimfikiria, kazi yake siyo inayonijia kwanza. Ananijia bibi yake. Suraiya alicheza filamu saba na mwigizaji Dev Anand, kuanzia 1948 hadi 1951. Ile ya kwanza, Vidya, walikuwa wakiimba ndani ya mashua, mashua ikapinduka kwelikweli, na Dev akamtoa majini. Wakapendana. Bibi akasema hapana: huyu Muislamu, yule Mhindu, na damu ya mgawanyo wa nchi haijakauka. Pete ya uchumba, wanasema, iliishia baharini. Dev Anand akaoa mwaka 1954. Suraiya hakuolewa mpaka anakufa, 2004. Na mwaka ule ule wa 1954 ndio aliotoka na Mirza Ghalib, filamu iliyopewa medali ya dhahabu ya Rais wa India. Mtu aliyeimba vile mashairi ya Ghalib, yule mshairi mwenyewe, hakuwa anaigiza, mwanangu. Usiniambie alikuwa anaigiza.

Na mimi nilikuwa na bibi yangu. Bi Mkubwa wewe umemkuta keshapoteza macho, mpole, anakupapasa kichwa akikuita mume wake. Mimi nilimjua na macho yake yote mawili.

Mwaka 1963 nilikuwa na miaka 16. Filamu za zamani za Suraiya zilikuwa zikirudishwa sinema ya Majestic, pale Vuga, Unguja, na kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Tulikwenda na mabuibui yetu, na shangazi yako mkubwa ndiye aliyeshika pesa. Mimi nyimbo zilinikaa kwa kusikia mara moja au mbili. Kihindi sikijui, nilizishika kama nilivyoshika sura za Kurani chuoni, herufi kwa herufi. Nilikuwa nikikanda unga, naimba. Dirisha la jikoni unalikumbuka, linatazama uchochoroni.

Siku moja baada ya alasiri akaja kiongozi wa klabu moja ya taarab na mwenzake. Jina simtaji, wanawe wapo. Wakakaa barazani, wakatiliwa kahawa, akasema kwa adabu zote kwamba wamesikia sauti, wanaiomba, na nitachukuliwa na kurudishwa na wanawake. Mimi niko nyuma ya pazia, mikono imejaa unga mbichi. Bi Mkubwa alimaliza kahawa yake kwanza. Akageuza kikombe, akasema, “Huyu anauimbia unga wake. Unatosha.”

Wakacheka kidogo, wakaaga. Nilisimama pale mpaka unga ukakauka vidoleni ukapasuka, ikabidi niloweke mikono kwenye beseni.

Na Bi Mkubwa alikuwa na santuri za Siti binti Saad! Siti huyo aliyepanda meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, mwanamke wa Fumba, muuza vyungu. Bi Mkubwa akiziweka santuri zile, hapiti mtu mbele. Alipenda mwanamke aimbe, lakini awe wa nyumba nyingine. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Halafu nakumbuka alitulea watu sita kwa vitumbua, bila mume, katika mji ambao alijua vizuri waimbaji wa kike wakisemwaje harusi ikishakwisha. Aliogopa, naye alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini angeniuliza. Kuniuliza tu.

Sasa wewe utataka niseme kama bibi wa Suraiya alikosea. Ulimi unaniwasha, Mungu anajua. Lakini nikimhukumu yule wa Bombay nitakuwa nimemhukumu na wangu, na wangu yuko kaburini, nami ndiye niliyemwosha. Niache.

Nifanyie jambo moja. Muulize jirani yako ule wimbo wa Badi Behen, filamu ya 1949, Suraiya anapouliza kama haya ndiyo yanayoitwa mapenzi. Mwanzo wake nilifasiriwa zamani. Beti za mbele nimeziimba miaka sitini na sijui nasema nini. Akuelezee polepole, neno kwa neno, uniandikie.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako