Mikweche Miwili ya Motokrosi: Itengenezwe au Iuzwe?

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, na mwisho wa juma hupenda kuendesha pikipiki za motokrosi, yaani za mbio za kwenye udongo. Mwaka jana nilinunua mbili zilizokwisha kutumika. Ya kwanza ni ya mipigo minne, ya sentimita za ujazo 250, na niliuziwa na mfanyabiashara mwenye yadi aliyenihakikishia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Asubuhi huwaka kwa taabu, na ikishapata moto haiwaki mpaka isukumwe. Fundi amebadilisha shimu za valvu, yaani vibati vya kurekebishia nafasi yake, mara kadhaa. Kila mara hutulia kwa muda mfupi, kisha tatizo hurudi. Ya pili ni ya mipigo miwili, ya sentimita 125, niliyoinunua kwa mwendeshaji mwenzangu. Hapa Nakuru ilikwenda vizuri, lakini nilipoipeleka Kilifi wakati wa likizo ilinoki kwenye mchanga, pistoni ikakwama. Fundi wa huko aliweka pistoni mpya na kunishauri niongeze oili katika petroli, nami nikafanya hivyo, ikanoki tena kabla sijarudi. Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia mara mbili? Niziuze, au niendelee kuzitengeneza?

JIBU: Mwalimu, pole kwa hasara hiyo. Kwa maelezo yako, naamini umeuziwa mbuzi kwenye gunia mara moja tu, na pikipiki unayoweza kuiokoa kwa gharama ndogo ni ile iliyonoki.

Tuanze na ile ya mipigo minne. Mwendo wa dalili zako unatambulika: injini inakataa kuwaka ikiwa na moto, fundi anarekebisha nafasi ya valvu, inatulia, kisha nafasi inapungua tena. Injini nyingi za mashindano za ukubwa huo zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina valvu za kuingiza hewa zilizotengenezwa kwa titani, madini mepesi yanayoiwezesha injini kuzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Uso wa valvu hizo hupakwa utando mgumu mwembamba sana, na utando huo ukishaliwa, titani iliyo chini yake husagika haraka, valvu ikazama katika siti yake, yaani kikalio inachofungia, na nafasi ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.10 na 0.15 ikapungua mpaka valvu isiweze kufunga sawasawa. Hapo kompresheni, yaani shinikizo la ndani ya silinda, huvuja na injini hugoma. Shimu nyembamba zaidi hurudisha nafasi kwa siku chache, lakini haiwezi kurudisha utando uliokwisha. Kwa hiyo marekebisho ya kwanza yalikuwa na maana, lakini yaliyofuata yalikula fedha zako bure, na kila safari unayoifanya sasa ina hatari ya kichwa cha valvu kukatika na kuangukia pistoni, jambo ambalo huharibu silinda hedi na silinda kwa pamoja.

Silaumu ufundi wa mtu aliyekuhudumia. Mafundi wetu wengi wamejifunza kazi kwenye bodaboda, na injini ya bodaboda imeundwa kuvumilia mizigo, oili iliyochelewa kubadilishwa na vumbi la kutwa nzima, kwa sababu inazunguka taratibu na vyuma vyake ni vizito. Injini ya motokrosi imeundwa kushinda mbio fupi. Watengenezaji huhesabu uhai wake kwa saa za kazi badala ya kilomita, na vitabu vyao vya matengenezo hutaja saa ambazo pistoni hubadilishwa hata kama haijaonyesha kasoro. Mtu akinunua injini ya namna hiyo bila kujua imekwisha kufanya kazi saa ngapi, anakuwa amenunua deni la mwenye nayo wa kwanza.

Matengenezo ya kweli ni kufungua silinda hedi, kuchonga siti upya kwa mashine inayofaa, na kuweka valvu mpya. Mimi ningechagua za chuma cha pua pamoja na springi zake ngumu zinazouzwa kwa seti, kwa kuwa valvu hizo ni nzito kuliko za titani na springi za awali hazitazimudu. Usikubali fundi asugue valvu za titani kwa dawa ya kusagia, kwa maana atauondoa utando wenyewe. Kabla ya kuagiza chochote, omba makadirio ya spea na kazi ya mashine yakiwa yameandikwa. Yakizidi nusu ya bei ambayo pikipiki hiyo ingepata ikiwa nzima, iuze kwa vipande: fremu, magurudumu, shokomzoba na plastiki zake zina wanunuzi. Ukiiuza nzima, mweleze mnunuzi hali ya valvu kwa maandishi. Nalisisitiza hili kwa sababu mikweche huzunguka katika mchezo wetu kwa kuwa kila aliyedanganywa humtafuta mwingine wa kumtua mzigo, na mara nyingi anayeangukiwa ni kijana aliyekopa.

Kuhusu muuzaji mwenye yadi, usinyamaze. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, katika kifungu cha 16, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, ikiwa muuzaji huyo hufanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Kwa kuwa umekaa na pikipiki kwa muda mrefu, huenda usiweze kuirudisha, lakini fidia unaweza kuidai. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaruhusiwa kujitetea mwenyewe bila wakili. Utahitaji stakabadhi ya mauzo, ujumbe wowote ambamo alisema injini haijafunguliwa, na taarifa iliyotiwa saini na fundi atakayeifungua. Kwa mwendeshaji mwenzako njia hiyo ni nyembamba zaidi, kwa kuwa yeye si mfanyabiashara, na kwa kweli sioni kwamba alikudanganya.

Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na aliyeiseti kabureta ya hiyo 125 bila shaka aliweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo inayotosha kwa hewa hiyo. Ulipoteremka Kilifi, hewa ikawa nzito lakini petroli ikabaki ileile. Mchanganyiko ulipungukiwa na petroli, moto ukazidi, na mchanga ukailazimisha injini kuvuta kwa nguvu bila kupumzika. Ushauri wa kuongeza oili ulitolewa kwa nia njema, lakini uliongeza tatizo, kwani oili ikizidi, petroli inayopita katika jeti ileile hupungua zaidi. Rudi kwenye kipimo kilichotajwa na mtengenezaji, nunua jeti kubwa za kutumia Pwani, na usome rangi ya plagi kabla ya kufungua mafuta yote. Kabla ya kuweka pistoni nyingine, silinda ipimwe, na oilsili za krenki, zile ringi za mpira zinazozuia hewa kupita kwenye mhimili wa injini, zijaribiwe kwa kuziba milango ya injini na kujaza hewa ya shinikizo dogo, paundi 6 hivi kwa inchi ya mraba. Ikishuka katika dakika chache, kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Hiyo 125 usiiuze.

SWALI: Mimi ni msomaji wenu kutoka Mombasa, kwa sasa naishi Pennsylvania, Marekani. Jirani yangu anauza pikipiki ya motokrosi, Cannondale MX400, kwa bei ndogo ajabu. Wengine wanacheka nikiitaja. Je, niinunue nianzie kuendeshea?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kuanzia, hapana. Cannondale ilikuwa na jina kubwa katika baiskeli za alumini, na mwaka 1998 ilitangaza kwamba ingetengeneza pikipiki ya motokrosi. Kiwanda chake kilikuwa Bedford, katika jimbo hilohilo unaloishi. Iliunda injini yake yenyewe ya sentimita za ujazo 432, ikaweka mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia mafuta na starta ya umeme, na kuigeuza silinda hedi ili hewa iingie kwa mbele na moshi utokee nyuma. Mambo hayo yote yaliwekwa kwa wakati mmoja katika pikipiki ya kwanza ya kampuni ambayo haikuwa imewahi kutengeneza injini, na wanunuzi wa mwanzo ndio waliogeuzwa wajaribu wake. Januari 2003 kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika, na kitengo cha pikipiki kikafikia mwisho wake.

Wanaocheka wangekumbuka kwamba fikra zenyewe zilikuwa sahihi. Suzuki ilileta mfumo wa kunyunyizia mafuta katika RM-Z450 ya mwaka 2008, na Yamaha ikageuza silinda hedi ya YZ450F ya mwaka 2010. Nawahurumia wahandisi wa Bedford, kwani walikosa muda na fedha za kumaliza kazi yao. Hata hivyo, spea za pikipiki hiyo hutafutwa kwa wakusanyaji, na mwanafunzi wa mchezo huu anahitaji pikipiki inayowaka. Inunue ikiwa unataka kuihifadhi na una ya pili ya kuendesha.

SWALI: Naandika kutoka Arusha. Nimepata pikipiki ya motokrosi ya mipigo minne, lakini kila ninapokwenda kuiona naikuta imeshawashwa. Je, kuna tatizo?

JIBU: Ndiyo, kuna jambo la kutiliwa shaka. Mwambie muuzaji kwamba utaifikia injini ikiwa baridi, uiguse kwa mkono, kisha uipige kiki wewe mwenyewe. Iendeshe mpaka ipate moto, izime, subiri dakika chache, uiwashe tena. Valvu zilizochoka hujitangaza hapo. Fungua rejeta ikiwa bado baridi na utazame maji injini inapowaka: mapovu yasiyokoma yanaonyesha gasketi ya silinda hedi. Mwisho, toa chujio la hewa na upitishe kidole safi ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta. Ukikitoa kina vumbi, basi vumbi hilo limekuwa likiingia kwenye injini, na bei unayotajiwa lazima ipunguzwe kwa gharama ya pistoni, ringi na valvu, au uiache. Akikataa usifanye ukaguzi huo, ondoka siku hiyohiyo bila kuacha malipo ya awali.