Shangazi, Copenhagen watoto watacheza wapi bila hela nyingi?

Swali: Shikamoo shangazi. Mwezi wa saba naenda Copenhagen, Denmark, kwa mdogo wangu, siku tisa, na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 mwingine 10. Kila mtu ananiambia Tivoli, Tivoli, ile bustani ya michezo ya kulipia, nimeangalia kiingilio cha watu watatu pamoja na bembea za ndani nikaona hela yote inaishia hapo. Kuna sehemu za kucheza bure? Na mgeni unaingia tu au ni za wenyeji? – Mama Zuhura, Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu. Tivoli ni pazuri, ipo tangu 1843, lakini usiumie roho, maana mji ule wenyewe ni uwanja wa kuchezea na hakuna anayekuuliza tiketi wala umetoka wapi. Mimi nilikaa kule na wajukuu na sehemu waliyoililia kurudi kila siku ni Superkilen, mtaa wa Nørrebro, unashuka stesheni ya Nørrebro unatembea kidogo umefika.

Sasa hii Superkilen nikueleze vizuri kwa sababu naipenda mno. Ni eneo refu jembamba, kama mita 750 hivi, lilifunguliwa 2012, kipande kimoja chini ni chekundu na pinki, kingine cheusi kimechorwa mistari myeupe inapinda pinda, kingine majani. Mtaa ule unakaa watu wa mataifa kibao, kwahiyo waliobuni (kampuni za ubunifu BIG na Topotek 1, na wasanii wa Superflex) wakawauliza wakazi, kwenu mna kitu gani mngependa kiwe hapa? Basi ndo ukakuta bembea za Iraki, chemchemi ya Moroko, ulingo wa ndondi wa Thailand, na pweza mkubwa mweusi wa Kijapani, watoto wanapanda kichwani halafu wanateleza kwenye minyiri yake, wa kwangu wa miaka 6 nilimtoa pale analia. Pembeni ya vitu kuna vibao vidogo chini ardhini vinasema kimetoka nchi gani, mpe huyo wa miaka 10 kazi ya kuvitafuta, utapata masaa mawili ya kukaa kwenye benchi. Na usikae tu jamani, panda bembea na wewe, watu wazima wanapanda.

Ila hapo hapo angalizo: njia ya baiskeli inapita katikati na wanakuja mbio kweli. Washike mikono mpaka wazoee, Copenhagen nzima ni hivyo hivyo.

Siku nyingine nenda Nordhavn, kuna jengo la kupaki magari, wao juu ya paa, mita 24 kutoka chini, wameweka bembea na vitu vya mazoezi, panaitwa Konditaget Lüders, unapanda ngazi nyekundu za nje, bure, bahari yote unaiona ukiwa huko. Kuna upepo, beba sweta hata kama ni julai. Halafu Havnegade, ufukweni karibu na Nyhavn, trampolini zimefukiwa sawa na sakafu ya njia, unapita zako unaruka unaendelea na safari. Islands Brygge kuna mabwawa ya kuogelea ndani ya bandari yenyewe, ya watoto yapo, ila maji yale si ya Raskazone ya kwenu Tanga mwanangu, ni baridi, wao wenyewe watoto hawakujali.

Bustani ya Fælledparken nayo usiiache, kuna barabara ndogo zenye taa na alama za saizi ya watoto, wanajifunza usalama barabarani wakicheza. Wale watu wamelichukulia hili swala serious muda mrefu, 1943, vita inaendelea na Wajerumani wameikalia nchi, pale Emdrup, hapo hapo Copenhagen, walifungua kiwanja cha watoto kujengea mabanda kwa mbao na makorokoro, kama wanetu wanavyojenga nyumba za maboksi uani, wazo likaenda mpaka Uingereza.

Usafiri usikutishe, watoto wawili chini ya miaka 12 wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi hawalipi, metro, basi, treni. Na julai jua linazama karibu saa nne usiku, kwahiyo Superkilen nenda baada ya chakula cha jioni, wenyeji ndo wanatoka muda huo na wanao watapata wenzao wa kucheza nao.