Akikataa kuoga muulizeni kwanza

Wadogo zangu mliokuja field hapa makazi ya wazee mwezi huu, jana asubuhi nimepita wodi ya kina bibi namkuta mmoja wenu anavuta khanga na bibi mwenyewe kaing'ang'ania, eti "bibi bwana nina wengine sita wa kuogesha". Nilikutoa nje mbele ya wenzio, kwa hilo nisamehe, ila kukutoa ilikuwa lazima.

1. Hodi. Hata kama chumba kina vitanda vinne. Shikamoo ifuate, na habari za pampasi hazitangazwi kwa sauti.

2. Kuogesha. Mwaka wangu wa kwanza, makazi mengine hukuhuku Tanga, utaratibu ulikuwa saa mbili kila mtu awe ameshaoga. Kulikuwa na bibi mmoja mtu wa Pangani, akiniita mwanangu, ananiwekea kipande cha hamri kwenye leso. Siku hiyo akasema leo sitaki. Mimi naangalia saa tu, nikamwita mwenzangu wa kiume amshike mikono, tukamvua, tukamuogesha na maji ya baridi, wala hakupiga kelele, alifumba macho mpaka tukamaliza. Kwenye faili nikaandika "ameoga, hali nzuri". Hali nzuri! Mama wa watu ambaye hata kichwa wazi hakai mbele ya mwanaume asiye wake. Mchana hakula, usiku hakula, na kuanzia siku ile nikawa "nesi". Nilipomuomba radhi akasema nimekusamehe, lakini lile mwanangu sikulisikia tena mpaka anafariki. Baadaye wa zamu ya mchana ndo ananiambia, mbona anaoga kila siku, anasubiri ndoo ipate jua pale uani, anaoga mwenyewe kwa kopo kabla ya Alasiri, anachotaka ni mtu wa kumlindia mlango tu.

3. Mzee akikataa Lasix, ile dawa ya kukojosha, asubuhi ya Ijumaa jamani si mkorofi, anajua itamtoa msikitini katikati ya khutba. Mwambieni daktari, saa inabadilishika. Kusaga na kuficha kwenye uji hapana, akigundua na uji ataacha.

4. Aliyezoea kukubali akianza ghafla kukataa kila kitu na maneno hayaeleweki, usiseme uzee. Muulize maumivu, pima joto, pima mkojo, maana kwa wazee maambukizi ya mkojo yanaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa tu.

5. Kugeuzwa kitandani. Kila masaa mawili, mnayajua. Akikataa mweleze kidonda cha kulalia upande mmoja kinavyoanza, ondoka, rudi baada ya dakika kumi na mto. Bado hataki? Andika maneno yake mwenyewe, ulimweleza nini, umemjulisha nani. "Hana ushirikiano" sitaki kuliona tena kwenye ripoti. Wazee wetu baadhi walikuja huku kukata mkonge, ujana wote wameamshwa kwa amri ya mnyapara, leo na wewe uje umwamrishe kitandani kwake?

Bibi wa jana nimeongea naye, kasema saa tisa. Ndoo nimeshaianika juani, nenda na khanga kavu mbili, ukifika mlangoni subiri akujibu.